Mgeni Apigaye Hodi: Habari za Waya, Kompyuta na Adapta ya USB

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA: HISTORIA

Maneno ya somo la leo

Mfululizo: mambo yanayofuatana moja baada ya jingine, kama watu waliopanga mstari.
Adapta: kifaa kidogo cha kuunganisha vitu viwili ambavyo plagi zake hazilingani.
Mfumo wa uendeshaji: programu kubwa inayosimamia kazi zote za kompyuta.
Kiendeshi: programu ndogo inayojua namna ya kusema na kifaa cha aina fulani.
Programu huria: programu ambayo maandishi yake yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatengeneza na kuwapa wengine.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni yale maneno matano yaliyochapwa hapo juu, kisha tuendelee.

Leo nitawaelezeni habari za kifaa kidogo sana, chenye urefu kama wa kidole. Upande mmoja kina plagi ya USB, na upande wa pili kina plagi ya zamani yenye pini tisa. Jina lake ni adapta ya mfululizo. Bei yake si kubwa. Watu wengi hukitupa wakidhani kimekufa, kumbe ni kizima. Ni kompyuta tu ambayo haijakitambua.

Kifaa hiki ni cha nini? Ziko mashine nyingi za kazi zilizotengenezwa miaka thelathini au arobaini iliyopita, nazo bado zina nguvu: mizani, mashine za kukereza chuma, vyombo vya kupimia katika maabara. Mashine hizo hazijui kusema na kompyuta ila kwa tundu la zamani la mfululizo, na kompyuta mpya nyingi hazina tena tundu hilo. Pasipo adapta, mashine nzima ya thamani kubwa hugeuka kuwa chuma cha kuuzwa kwa kilo.

Basi swali letu ni hili: kompyuta humtambuaje mgeni huyu, na ni nani aliyeifundisha kumtambua? Ili kujibu, yatupasa kurudi nyuma hata mwaka wa 1844.

1. Herufi katika waya

Tarehe 24 Mei 1844 Mmarekani mmoja, Samuel Morse, alipeleka habari kwa waya wa umeme kutoka mji wa Washington mpaka Baltimore. Sasa fikirini: umeme haujui kusoma. Hujua mambo mawili tu, kuwapo au kutokuwapo. Kwa hiyo kila herufi ilipewa alama zake, nyingine fupi na nyingine ndefu. Mtu wa upande huu alibonyeza, na mtu wa upande wa pili alipokea alama na kuziandika kwa herufi.

Mambo hayo hayakukaa mbali nasi. Mwaka wa 1879 ulilazwa waya chini ya bahari, ukaunganisha Aden, Unguja, Msumbiji na Durban. Habari zilizokuwa zikingoja meli zikaanza kupita katika waya, herufi moja baada ya nyingine.

Lakini alama za Morse zilikuwa na shida. Herufi nyingine ilikuwa na alama moja tu, nyingine ilikuwa na alama nne. Sikio la mtu huelewa, ila mashine hutatizika. Mfaransa mmoja, Émile Baudot, aliyekuwa mtu wa kazi za simu, akapata dawa yake. Mwaka wa 1874 alipewa hati ya ugunduzi wa njia mpya: kila herufi ipewe alama tano, si pungufu wala si zaidi.

Haya, shikeni penseli tufanye hesabu. Kila alama ina hali mbili, ipo au haipo. Alama tano ni 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. Mmepata ngapi? Naam, 32. Herufi kutoka A mpaka Z ni 26, basi zikaenea. Kwa heshima ya mtu huyo, kipimo cha mwendo wa alama katika waya kinaitwa baud mpaka leo.

Tena angalieni jambo moja. Alama zile tano hazipiti kwa pamoja. Hupita moja moja, zikifuatana katika waya mmoja. Huo ndio mfululizo.

2. Taipureta zilizosema na kompyuta

Baada ya miaka, mafundi waliunganisha waya na taipureta. Mtu akipiga herufi hapa, taipureta ya mbali hujichapia yenyewe. Kampuni ya Teletype ya Marekani ilijulikana sana kwa mashine hizo. Mwaka wa 1963 ilitoa mashine iitwayo Model 33, iliyoweza kuchapa herufi 10 kwa sekunde moja. Mwaka huo huo Wamarekani walitoa orodha mpya ya alama, iitwayo ASCII, yenye alama saba kwa kila herufi. Fanyeni hesabu wenyewe; jibu lake ni 128.

Kompyuta nyingi za siku zile hazikuwa na kioo cha kutazama. Mtu aliketi mbele ya taipureta, akapiga maneno yake, na kompyuta ikamjibu kwa kuchapa juu ya karatasi. Hivyo ndivyo walivyofanya Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walipoanza mwaka wa 1969 kutunga mfumo wa uendeshaji uitwao Unix. Neno Teletype lilifupishwa likawa tty. Zishikeni herufi hizo tatu, maana tutakutana nazo tena.

Katika mwaka wa 1960 chama cha wenye viwanda vya elektroniki vya Marekani kilikuwa kimekwisha toa kanuni iitwayo RS-232. Kanuni hiyo ilieleza kila waya una kazi gani, na umeme wake uwe wa kiasi gani, ili mashine ya kampuni hii iweze kusema na mashine ya kampuni ile. Plagi iliyozoeleka ilikuwa na pini 25. Ile ya pini tisa ilienea baada ya kampuni ya IBM kuitia katika kompyuta yake ya mwaka wa 1984.

Kanuni ya RS-232 ilikuwa nzuri, nayo imeishi miaka mingi. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Waya ulipochomekwa, kompyuta haikujua ni nani aliyekuja. Awe mizani, awe taipureta, kwake ni mamoja. Ilikuwa kama mgeni aingiaye nyumbani gizani, asiseme neno. Mwenye kompyuta alilazimika kuiambia mwenyewe: katika tundu hili pana kifaa fulani, na mwendo wake ni kadha wa kadha. Akikosea mwendo, hupata herufi zisizosomeka.

3. Maandishi yaliyofichwa na maandishi yaliyo wazi

Sasa tuyaache matundu kidogo, tutazame programu. Programu ni maandishi. Mtu huyaandika kwa lugha maalumu, kisha hugeuzwa yawe namba ambazo mashine huzitii. Mwenye maandishi anaweza kuitengeneza programu ikiharibika. Mwenye namba peke yake hawezi. Yeye ni kama mtu aliyepewa chakula asipewe maarifa ya kupika.

Karibu na mwaka wa 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, alikuwapo mtunga programu aitwaye Richard Stallman. Mashine yao ya zamani ya kuchapa ilikuwa ikikwama karatasi, naye alikuwa ameongeza maneno katika programu yake ili iwaarifu watu ikikwama. Kisha chuo kikapata mashine mpya kutoka kampuni ya Xerox. Hiyo nayo ilikwama, lakini maandishi ya programu yake hayakutolewa. Stallman alimwendea mtu aliyekuwa nayo katika chuo kingine, akamwomba. Mtu yule akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote.

Jambo hilo lilimwingia sana moyoni. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa uendeshaji, ulio huria, uitwao GNU. Mwaka wa 1989 akatoa hati ya ruhusa iitwayo GPL. Hati hiyo humruhusu kila mtu kusoma programu, kuibadili na kuigawa, kwa sharti hili: ukigawa ulichokibadili, ugawe na maandishi yake.

Kazi ya GNU iliendelea, lakini ilikosa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza vyombo vya kompyuta. Hapo ndipo alipotokea kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwanzoni mwa mwaka wa 1991 alinunua kompyuta. Akiwa nyumbani alitaka kusoma habari zilizokuwa katika kompyuta ya chuo, kwa njia ya simu na kifaa kiitwacho modemu. Basi akaandika programu yenye kazi mbili: moja ichukue herufi kutoka vibonyezo na kuzipeleka kwenye modemu, ya pili ichukue herufi kutoka modemu na kuzionyesha katika kioo. Zilipita moja moja, kwa mfululizo.

Programu hiyo ndogo ilikua kidogo kidogo hata ikawa kiini cha mfumo wa uendeshaji. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwatangazia watu, na mwezi uliofuata akawapa maandishi. Mwaka wa 1992 aliiweka chini ya hati ya GPL. Ndiyo Linux. Kwa hiyo mfumo huu ulianza na kazi ile ile tunayoizungumza leo: kupeleka herufi katika waya wa mfululizo.

4. Mgeni anapiga hodi

Mwezi wa Januari 1996 makampuni saba, yakiwamo Intel, Microsoft, IBM na NEC, yalitoa kanuni mpya iitwayo USB. Nia yao ilikuwa kuondoa wingi wa matundu nyuma ya kompyuta, ili vifaa vyote vitumie tundu la aina moja. Mwaka wa 1998 kampuni ya Apple ikatoa kompyuta ya iMac yenye USB bila ya matundu yake ya zamani ya mfululizo. Wengine wakafuata kwa taratibu.

USB ilileta desturi mpya. Sisi twajua kwamba mgeni akifika hupiga hodi. Mwenyeji huuliza, “Nani?” Naye mgeni hutaja jina lake na ukoo wake, ndipo aambiwe, “Karibu.” USB hufanya vivyo hivyo. Kifaa kinapochomekwa, kompyuta hukiuliza habari zake, nacho hujibu kwa namba mbili. Namba ya kwanza ni ya kampuni, mfano wa ukoo. Namba ya pili ni ya aina ya kifaa, mfano wa jina.

Namba hizo huandikwa kwa tarakimu nne nne, na hesabu yake hutumia pia herufi a mpaka f. Mathalani, chipu nyingi za kampuni ya FTDI ya Scotland husema 0403 na 6001. Chipu ya Prolific ya Taiwan husema 067b na 2303. Chipu ya CH340 ya China, ambayo ni ya bei rahisi sana, husema 1a86 na 7523.

Lakini kutaja jina peke yake hakutoshi. Mgeni akija akisema lugha usiyoijua, utamkaribisha, lakini hamtazungumza. Lazima apatikane mkalimani. Mkalimani wa kompyuta ni kile kiendeshi. Kila kiendeshi kina orodha ya namba za wageni anaowajua. Namba ikiwamo, kazi huanza. Isipokuwamo, kifaa hukaa kimya, hata kiwe kizima.

Ni nani aliyewaandikia watu wa Linux wakalimani hao? Makampuni mengi yalishughulikia Windows kwanza. Watu wa Linux wakajitengenezea. Mmoja wao ni Mmarekani Greg Kroah-Hartman, aliyeandika ile sehemu ya kiini inayoshughulika na adapta hizi za mfululizo. Toleo la 2.4 la Linux, lililotoka Januari 2001, lilikuja na viendeshi vya USB ndani yake. Kwa sababu hiyo adapta nyingi hutambuliwa katika Linux bila ya mtu kutafuta programu yoyote.

Inapotambuliwa, hupewa jina ttyUSB0. Mnaziona zile herufi tatu? Tty ni Teletype. Kifaa kipya kimerithi jina la taipureta ya zamani.

5. Mwaka ambao vifaa vilinyang’anywa jina

Sasa tumefika penye jambo zito. Chipu za FTDI zilisifika, na watu wasio waaminifu wakaziiga. Chipu bandia zikatiwa katika adapta na vifaa vingi, zikiitaja namba ya FTDI. Mnunuzi hakuweza kujua, maana chipu imo ndani na sura yake ni ile ile.

Mwezi wa Oktoba 2014 ikaonekana kwamba kiendeshi kipya cha FTDI, kilichowafikia watu kwa njia ya masahihisho ya Windows, kilikuwa kikizipima chipu. Ikikuta ni ya bandia, kiliifuta namba yake ya pili na kuandika 0000. Tangu hapo kifaa kilipopiga hodi kilitaja jina lisilojulikana. Hata kikipelekwa kwenye kompyuta nyingine, hakikutambuliwa.

Kampuni ilikuwa na hoja yake: kuiga bidhaa ya mtu na kutumia namba yake ni wizi. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini aliyeumia hakuwa mwigaji. Aliyeumia ni fundi au mwanafunzi aliyenunua kwa fedha yake akidhani ni mali halali. Watu wakalalamika sana, na kiendeshi hicho kikaondolewa katika masahihisho ya Windows mwezi huo huo.

Watu wa Linux walifanya nini? Walifungua maandishi ya kiendeshi, ambayo yako wazi kwa kila mtu, wakaongeza namba moja katika orodha: kampuni 0403, kifaa 0000. Basi. Kifaa kilichonyang’anywa jina kikaambiwa, “Karibu.” Wengine walitumia programu huria kukiandikia tena namba yake ya kwanza.

Habari ya Prolific inafanana na hiyo kidogo. Viendeshi vyake vipya vya Windows hukataa chipu zake za zamani zilizoachwa kutengenezwa. Katika Linux chipu hizo bado hufanya kazi.

6. Wageni wawili wenye jina moja

Lakini msidhani kwamba uwazi huondoa matatizo yote. Mwaka wa 2022 ilitoka Ubuntu 22.04, nayo ni mfumo wa jamii ya Linux. Watu wengi waliochomeka adapta ya CH340 waliona jina ttyUSB0 likitokea na kutoweka papo hapo.

Sababu ilikuwa nini? Ipo programu iitwayo BRLTTY, inayowawezesha vipofu kusoma kompyuta kwa vidole, kwa maandishi ya Braille. Baadhi ya vifaa vya Braille vina chipu ile ile ya CH340, na hutaja namba ile ile, 1a86 na 7523. Programu ilipoisikia namba hiyo ilidhani kifaa cha kipofu kimefika, ikakichukua. Asiyehitaji programu hiyo aliiondoa na adapta yake ikafanya kazi. Lakini kwa kipofu, programu hiyo ndiyo macho yake, wala haiondolewi hivi hivi. Hapo twajifunza kwamba namba haitoshi kumjua mtu wala kitu. Wageni wawili wanaweza kuwa na jina moja, na mwenyeji mwema huuliza zaidi kabla ya kuamua.

7. Jinsi ya kuchunguza mwenyewe

Ukikuta adapta imenyamaza katika Linux, usiitupe. Fuata njia hii.

Kwanza, andika neno lsusb. Kompyuta itakuonyesha namba za kila kifaa kilichochomekwa. Namba isipoonekana kabisa, angalia plagi na waya. Pengine umeme haufiki.

Pili, andika sudo dmesg. Hicho ni kitabu cha kumbukumbu cha kiini. Kisome mwisho wake. Ukiona ttyUSB0, mkalimani amepatikana.

Tatu, ukikatazwa kuitumia, huenda wewe mwenyewe hujapewa ruhusa. Katika Debian na Ubuntu, lazima jina lako liwe katika kundi liitwalo dialout. Kundi hilo liliitwa hivyo tangu siku ambazo kompyuta zilipiga simu kwa modemu.

Nne, hakikisha mwendo ni sawa pande zote mbili. Mwendo uliozoeleka ni 9600. Kwa kawaida kila herufi huchukua alama 10, pamoja na alama ya kuanza na ya kumaliza. Basi herufi 960 hupita kwa sekunde moja. Linganisheni na zile herufi 10 za taipureta ya mwaka wa 1963.

Mmeona kwamba katika hatua hizo nne, kazi kubwa ni kusoma. Kompyuta imekwisha andika tatizo lake. Inangoja mtu wa kulisoma. Aliyeongeza namba 0000 mwaka wa 2014 hakuwa na nyundo wala mtambo. Alisoma maandishi yaliyokuwa wazi, akaelewa, akaandika neno lililopungua. Maandishi hayo yangefichwa, asingeweza kitu, kama Stallman mbele ya mashine yake iliyokwama. Na maandishi yakiwa wazi pasipo wa kuyasoma, hayamfai mtu.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini alama tano za Baudot zilitosha kuandika herufi 26? Onyesha hesabu.
2. Alama zikiwa sita kwa kila herufi, je, utapata namna ngapi?
3. Eleza tofauti ya tundu la RS-232 na tundu la USB kwa mfano wa mgeni na hodi.
4. Herufi tty zimetoka katika neno gani?
5. Katika habari ya mwaka wa 2014, ni nani aliyekosa, na ni nani aliyeumia? Zungumzeni darasani, kila mtu atoe sababu zake.
6. Andika sentensi tano juu ya chombo cha zamani unachokijua ambacho bado kinafaa kwa kazi.